Chomoa Kwanza

Umeme ukikatika Kahama, kabla hata mtu hajawasha tochi ya simu, sauti inatoka jikoni au chumbani: "Chomoeni!" Mtoto aliye karibu na ukuta anainuka gizani, anapapasa soketi, anachomoa plagi ya televisheni, kisha ya king'amuzi, kisha ya friji. Umeme ukirudi hakuna anayekimbilia kuzirudisha. Kinachoangaliwa ni taa ya sebuleni. Ikipepesa, watu wanasubiri. Ikiwaka ikatulia, plagi zinarudi moja moja, na friji huwa ya mwisho.

Nimefanya kazi ya kutengeneza redio na televisheni tangu ujana wangu, kwanza Shinyanga mjini, kisha Kahama, na sasa Katoro upande wa Geita. Sijakutana na mtu aliyefundishwa desturi hii shuleni, wala aliyeisoma kwenye karatasi iliyokuja na mita. Watu wanasema wameikuta nyumbani. Lakini nyumba nyingi za huku zilikuwa hazina soketi miaka thelathini iliyopita, kwa hiyo desturi hii si ya kale. Ninaweza kusema imetoka wapi, maana historia yake imepita mezani kwangu ikiwa imeungua.

Huku kwetu umeme mkubwa ulitangulia kuja kwa ajili ya madini, si kwa ajili ya watu. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mgodi wake ukajijengea mji wenye mitambo yake yenyewe ya umeme, huku vijiji vya jirani vikiendelea na kibatari. Geita nako kulikuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930, uliofanya kazi hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amejifunza umeme Mwadui. Alikuwa akituambia vijana wake kwamba umeme wa mgodini una mwangalizi: kuna mtu amekaa mbele ya mita usiku kucha, sindano ikipanda anaishusha, ikishuka anaipandisha. Kuna fimbo za shaba zimezikwa ardhini, kuna vifaa vya kumeza radi juu ya nguzo. "Wa mjini," alisema, "mwangalizi wake ni wewe."

Wakati huo miji ya bara iliyokuwa mbali na mabwawa iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Jenereta lilikuwa na saa zake na uchovu wake, na jioni watu wote wakiwasha, taa zilikuwa za manjano. Hata hivyo vifaa havikuungua sana, kwa sababu mbili. Kwanza, vilikuwa vichache. Redio ya nyumba ya kawaida Usukumani ilikula betri kavu, na nyingi zilikuwa National, zilizotoka kwenye kiwanda cha Matsushita kilichofunguliwa Dar es Salaam miaka ya 1960. Pili, vilivyochomekwa ukutani, kama gramafoni ya mwalimu mkuu au amplifaya ya kanisa, vilikuwa na transfoma ya chuma, nzito ya kuvunja kidole cha mguu. Umeme ukiruka kwa nukta moja, chuma kile na shaba yake vilichelewesha mruko na kuupunguza kabla haujafika kwenye tranzista. Nyuma ya kifaa kulikuwa na kitufe cha kuchagua volti 110, 220 au 240, na fyuzi ya kioo unayoweza kuichomoa kwa mkono. Mteja aliyejua kusoma kitufe hicho alikuwa ameshajilinda nusu.

Mabwawa ndiyo yaliyoanza kubadilisha mambo. Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975, Mtera ikafuata mwaka 1988, na katika miaka hiyo ya 1980 laini ya kilovolti 220 ilipanda kutoka kusini, ikapita Dodoma na Singida, ikafika Shinyanga na Mwanza. Nakumbuka jinsi watu walivyofurahi kwamba sasa umeme utakuwa wa saa ishirini na nne. Mzee wangu alifurahi pia, lakini alikuwa na wasiwasi ambao sikuuelewa hadi baadaye. Laini ndefu yenye wateja wachache ina tabia ya kupandisha voltiji kwenye ncha yake, na wahandisi hulazimika kufunga mitambo ya kuishusha. Sisi tulikuwa kwenye ncha. Mchana viwanda vya kuchambua pamba vikifanya kazi, umeme ulilegea. Usiku wa manane mashine zikizimwa, ulisimama wima. Aliniwekea mita kwenye soketi ya banda letu na kuniambia niandike namba jioni na alfajiri. Hapo ndipo nilipojua kwamba kile kinachoitwa volti 230 hubadilika kati ya saa na saa.

Halafu likaja lililogeuza kazi yetu yote. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kila aliyepata fedha, ya pamba, ya ng'ombe au ya dhahabu, alitaka televisheni ya rangi. Tulipozifungua hatukukuta transfoma nzito. Tulikuta aina mpya ya pawasaplai: umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye daiodi nne, unajaza kapasita moja nene yenye maandishi ya volti 400, kisha tranzista inaukatakata mara maelfu kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo inayoenea kiganjani. Chaja ya simu imeundwa hivyo, king'amuzi kimeundwa hivyo, na taa za LED za bei nzuri zimeundwa hivyo. Ni ufundi wa akili sana. Lakini ule mlango wa chuma uliokuwa ukichelewesha mruko haupo tena, na kinachobaki kati ya nguzo ya mtaani na tranzista yako ni vipande vitatu ambavyo mteja hajawahi kuvisikia.

Nitavieleza, kwa sababu desturi ya kuchomoa imejengwa juu yake.

Umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325. Plagi inapogusa, kapasita tupu haina upinzani wa maana; kwa punje ya sekunde ni sawa na kuunganisha fezi na nyutro. Mkondo unaoingia wakati huo unaweza kuwa mara kumi na zaidi ya ule wa kawaida, na ndio unaotoa ile cheche ya buluu kwenye soketi. Ili kuuzuia, waundaji huweka kipande cha kwanza, themista, kisahani cheusi au cha kijani, kikubwa kuliko mbegu ya kunde. Kikiwa baridi kina upinzani wa omu 5 au 10. Kwa omu 5, mkondo wa kwanza hauwezi kuzidi ampea 65, na daiodi nzuri huvumilia hizo kwa muda mfupi ule. Kisha themista inapata moto, upinzani wake unashuka, na televisheni inaendelea kama vile haipo. Sasa fikiria umeme umekatika na kurudi baada ya sekunde mbili. Kapasita inaweza kuwa imeshaisha, lakini themista bado ya moto. Mlinzi yupo na hana nguvu. Ukikatika ukarudi mara tatu mfululizo, kama unavyofanya wakati laini inajaribiwa baada ya hitilafu, pigo la tatu linaingia wazi. Mama aliyesimama gizani akisema "chomoeni, msubiri" anaipa themista dakika za kupoa. Hajui jina lake, na yuko sahihi kabisa.

Friji ina sababu yake nyingine. Kompresa ikizimwa ghafla, gesi inabaki imebanwa upande mmoja. Ukiiwasha papo hapo mota inashindwa kuzunguka, inanguruma, inavuta mkondo mkubwa na kujichoma. Inahitaji dakika tatu hadi tano ili gesi ilingane. Ndiyo maana friji ikawa ya mwisho katika mpangilio wa nyumba zetu, na ndiyo maana frijigadi, vilipoanza kuuzwa madukani, vilipokelewa kama kitu kilichokuwa kikingojewa: hupima umeme, hukata ukizidi au ukipungua, na hukaa dakika chache kabla ya kurudisha. Kifaa kile hakikuleta fikra mpya nyumbani. Kilifanya alichokuwa akifanya mama.

Kipande cha pili ni varista, kisahani cha buluu au cha njano kinachofungwa kati ya fezi na nyutro. Ndani yake ni unga wa oksidi ya zinki uliookwa ukawa kama kigae. Voltiji ikiwa ya kawaida haipitishi kitu. Ikizidi kiwango chake inafunguka ghafla, inaumeza mruko, kisha inajifunga tena. Aliyeivumbua ni Michio Matsuoka wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika kampuni ya Matsushita, ileile ambayo wakati huohuo ilikuwa ikituuzia redio za National. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Wakulima wa Maswa na Meatu walikuwa na redio ya kampuni hiyo begani miaka mingi kabla varista yake haijafika kuwalindia televisheni zao.

Kipande cha tatu ni fyuzi, na juu ya fyuzi nina neno kali. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi yetu ya miguu mitatu, ile iliyowekwa kwenye kiwango cha Uingereza mwaka 1947, inalinda waya usishike moto. Haimlindi mwenye televisheni. Inayolinda bodi ni ile ndogo ya kioo ya ampea 3 iliyomo ndani, na kwa miaka mingi tumekuwa na tabia mbaya mafundi wa huku, ya kuziba nafasi yake kwa unywele wa waya uliochunwa kwenye kebo. Varista hufa kwa kushoti, na kazi ya fyuzi ni kukata varista inaposhoti. Ukiondoa fyuzi, varista inakuwa kuni.

Mgao wa mwaka 2006, ukame ulipoyashusha mabwawa, na ule wa 2011, ndio uliogeuza tahadhari ya watu wachache kuwa desturi ya kila nyumba. Umeme ulikuwa ukizimwa na kuwashwa kwa zamu za mitaa, na madhara hayakuja wakati wa giza. Yalikuja wakati wa kurudi. Mtaa mzima una pasi, friji, taa na pampu ambazo hazikuzimwa. Vyote vinadai kwa pamoja, voltiji inazama, kisha mota zikishazunguka inaruka juu. Watu hawakuwa na hesabu hii, lakini waliona kwamba jirani aliyechomoa bado anatazama taarifa ya habari. Habari hizo zilienea misibani, kwenye foleni za maji na kwenye daladala. Ving'amuzi vilipofuata, kuanzia mwisho wa mwaka 2012 matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa, kila sebule ikawa na vifaa viwili vya kuchomoa badala ya kimoja.

Dhahabu nayo ilikuwa imerudi. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Geita kwa miaka mingi iliishi kwa majenereta yake. Bulyanhulu ilivutiwa laini ya kilovolti 220 kutoka Shinyanga. Nimesafiri chini ya laini ile mara nyingi kwa basi, na kwa muda mrefu vijiji vilivyo chini ya nyaya zake havikuwa na balbu. Sisemi hivyo kwa chuki. Kilovolti 220 haichomekwi kwenye nyumba. Lakini mpangilio ni uleule wa siku za Williamson: kwanza mgodi, pamoja na ulinzi wake wote, na watu baadaye, bila ulinzi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na nguzo zikaanza kuingia Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro na kwingine. Nguzo zilifika. Elimu ya kile kinachopita juu yake haikufika pamoja nazo.

Katoro ni mji wa karasha. Mawe ya wachimbaji wadogo yanasagwa usiku na mchana, na karasha zilizokuwa za dizeli sasa nyingi ni za mota ya fezi tatu. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Ukiwa kinyozi au mwenye duka la miamala kwenye transfoma hiyohiyo, taa zako zinainama kila jiwe jipya linapoingia kazini, na karasha zikizimwa kwa pamoja voltiji inapanda. Vifaa vya huku vinazeeka haraka kuliko vya Shinyanga. Varista ninazozitoa zina doa la kahawia hata kama hazijapasuka: zimekuwa zikimeza miruko midogo kila siku. Juu ya hayo kuna radi, maana bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

Jioni moja ya mvua za mwisho wa mwaka tawi liliangukia laini karibu na soko, na waya wa nyutro ukakatika huku fezi zote tatu zikibaki nzima. Hili ndilo baya kuliko yote. Kila nyumba hupata volti 230 kati ya fezi yake na nyutro. Kati ya fezi na fezi ni volti 400. Nyutro ikiondoka, nyumba za fezi tofauti zinagawana zile 400, na mgawo hauna huruma: mwenye mzigo mdogo ndiye anayepewa nyingi. Mgahawa uliokuwa na jagi la umeme na pasi vinavyowaka ulipata umeme mdogo, taa zikafifia, basi. Saluni iliyokuwa na balbu moja ya LED na televisheni ilipata karibu zote.

Asubuhi yake banda langu lilijaa. "Fundi, imepiga shoti," kila mmoja aliniambia. Nilizipanga bodi kwenye meza kwa safu. Safu ya kwanza zilikuwa na varista iliyopasuka katikati na fyuzi ya kioo nyeusi kama imepakwa masizi. Nilibadilisha vipande viwili na zikawaka. Safu ya pili, kapasita zake za volti 400 zilikuwa zimefumuka kofia, maji yake ya kahawia yamemwagika, na IC ya pawasaplai ina shimo. Volti 400 za ukutani zina kilele cha zaidi ya 560. Kapasita ile haikuwa na njia. Na karibu zote za safu ya pili zilikuwa na jambo moja: kwenye bodi palichapwa duara la varista na matundu mawili ya kuifunga, matundu yakiwa matupu. Pa themista palikuwa na waya wa jampa. Aliyechora saketi alijua. Mahali fulani baadaye, mtu mwingine aliamua kwamba vipande viwili ambavyo hata huku havifiki bei ya soda vinaweza kuachwa, kwa kuwa atakayelipa ni mwanamke wa saluni Katoro.

Mmoja wa waliokuja alikuwa mama mtu mzima, anauza vitenge. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimechomoa kila siku umeme ukikatika. Nimewafundisha wajukuu wote. Mbona imeungua?"

"Mama, jana haukukatika. Ulipanda. Taa ziling'aa?"

"Ziling'aa sana. Tukasema leo umeme mzuri."

Sikuwa na la kumlaumu. Desturi yetu ilizaliwa na mgao na inajua giza tu. Haijui mwanga uliozidi. Tangu siku ile kila mteja ninayemkabidhi kifaa namwambia kanuni ya pili: taa ikizidi kung'aa, usiguse plagi moja moja, nenda kwenye meni swichi, zima yote. Na mwenye uwezo namshauri afunge pale kwenye meni kifaa kinachokata umeme ukizidi, kwa sababu varista imeundwa kwa mruko wa punje ya sekunde. Haiwezi kusimama mbele ya volti 400 kwa dakika nzima.

Kuna pia suala la ethi, ambalo Shinyanga lina ugumu wake. Fimbo ya shaba ikizikwa kwenye mbuga, udongo ule mweusi, wakati wa mvua inashika vizuri sana. Ifikapo Septemba mbuga inapasuka nyufa za kupitisha mkono, na fimbo inaning'inia hewani ndani ya ardhi. Kwenye luseni, ule mchanga wa vilimani, haishiki vizuri msimu wowote. Wazee wa Mwadui walizika mbili au tatu na kuziunganisha, wakazungushia mkaa na chumvi, na wakati wa kiangazi walimwagia maji. Chumvi inakula shaba, kwa hiyo lazima mtu afukue na kukagua. Nyumba nyingi ninazoingia zina fimbo moja iliyopigwa siku ya kuunganishwa umeme, urefu wa mkono, na haijaguswa tena.

Sasa kuna laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Mgao wa zile zamu za mitaa umepungua, nami nashukuru. Lakini naona vijana waliokulia katika umeme wa kutosha wanaacha chaja sita kwenye ekstensheni moja wiki nzima, na ving'amuzi vinavyokuja mezani sasa vina matundu matupu mengi kuliko vya zamani. Vijana ninaowafundisha nimewapa kazi moja kabla ya nyingine zote. Kila bodi inayofunguliwa hapa, hata kama tatizo ni spika au rimoti, waangalie mlango wa umeme. Pakiwa na duara tupu, wafunge varista ya volti 470, inayovumilia 300 za ukutani. Pakiwa na jampa, waweke themista. Pakiwa na unywele wa waya, warudishe fyuzi ya kipimo chake. Varista tunanunua mpya, kwa sababu iliyotoka kwenye bodi iliyokufa imeshachoka. Themista na fyuzi tunazitoa kwenye bodi mbovu na kuzipima kwanza. Mteja hatozwi kwa hilo.